Kona Aliyesema Pole

Kifua changu kinauma kila asubuhi, na si ugonjwa. Daktari wa kliniki hapa Turffontein, Johannesburg, alinipima, akaona michubuko, akashusha sauti na kuniuliza kama kuna mtu ananipiga nyumbani. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia wananipiga uwanjani, ni vijana, na mimi ndiye ninayewaagiza. Aliniandikia vidonge vya maumivu huku akinitazama kama mtu anayehitaji daktari wa aina nyingine.

Kazi inayolisha nyumba yangu ni kusimamia walinzi katika jengo la maduka huku kusini mwa jiji. Kazi inayonimaliza ni kufundisha kona. Katika futiboli ya Kimarekani, kona ni yule mlinzi anayesimama pembeni kabisa, peke yake, uso kwa uso na mpokeaji, yaani mtu anayetumwa kukimbia mbele ili arushiwe mpira. Kona hana wa kumsaidia. Akiachwa hatua moja, uwanja mzima unamwona. Lakini sheria ya ligi ya kulipwa imempa zawadi moja: katika yadi tano za mwanzo anaruhusiwa kumpiga mpokeaji viganja vya kifua, amsukume, amvuruge, amharibie mwendo kabla hajashika kasi. Baada ya hapo akimgusa ni faulo. Kwa hiyo kazi yote ni mikono miwili na pumzi moja.

Mikono haifundishwi kwa maneno. Makocha wenye pesa wanatumia masanamu ya sponji. Sisi hatuna, na hata tungekuwa nayo nisingeyatumia, kwa sababu sanamu halikuambii kitu. Mimi husimama mwenyewe kama mpokeaji, vijana wanapanga mstari, na kila mmoja ananipiga kifuani. Kiganja kikifika najua mambo yote: kama miguu ilikuwa imetulia, kama kijana alifumba macho, kama hakulala vizuri, kama ana woga. Mkono wa kushoto karibu siku zote unachelewa. Nimeisema sentensi hiyo miaka na miaka, "mkono wa kushoto umechelewa," mpaka mke wangu anadai naisema hata nikiwa usingizini.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Nilikuwa mwanariadha, mbio zikanipeleka chuo Marekani, na huko kocha mmoja akaitazama miguu yangu akasema haifai kupotezwa ikizunguka kiwanja. Ukona nilijifunza ukubwani. Nilifika hadi timu ya kulipwa, lakini katika kikosi cha mazoezi tu, wale wanaopigwa siku za kazi ili wenye majina wacheze Jumapili. Mechi ya kweli sikuingia hata moja. Nilitoka huko na bega la kulia linalochomoka nikivaa koti kwa pupa. Mke wangu nilimjua tangu utotoni. Baba yake alikuwa mpigania uhuru wa Afrika Kusini aliyeishi uhamishoni kwetu, na yeye alizaliwa palepale Morogoro. Wao walirudi kwao, mimi nikamfuata nilipokuwa mtu mzima. Nimezeekea Johannesburg na bado watu wananiuliza natokea wapi.

Kijana ninayemkumbuka leo alitujia kutoka Berea, mtaa wa huku huku jijini. Alikuwa mchezaji wa soka, winga, mrefu, mikono mirefu kama ya kuchumia papai, na nyonga zake ziligeuka bila kelele. Mama yake ni fundi cherehani, Mkongo wa Lubumbashi, anashonea kwenye chumba hichohicho wanacholala. Kijana amezaliwa hapa. Kiswahili cha mama yake anakielewa chote lakini anamjibu kwa Kiingereza, na akiwa na wenzake ni Kizulu. Nilipomwona akikimbia kinyumenyume siku ya kwanza, uchovu wangu uliniondoka kwa dakika chache. Nikasema moyoni, huyu sasa.

Nikamwita mstarini, nikasimama mbele yake, nikamwambia anipige. Akaniwekea viganja kifuani kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Kisha akasema, "Pole, kocha."

Nilidhani ananitania. Nikamwambia tena, kwa nguvu. Akapiga kwa nguvu kidogo, akasema pole. Alimsukuma mwenzake, pole. Aliangushwa yeye mwenyewe, akainuka, akampa pole aliyemwangusha. Kijana mmoja alijikwaa kwenye kamba za viatu vyake kule mwisho wa uwanja, na huyu wetu, bila kuonekana hata kufikiri, akageuza kichwa akasema pole. Katika Kiswahili chote cha mama yake, hilo ndilo neno pekee lililokuwa likitoka mdomoni mwake. Hakulisema kwa kupenda. Lilitoka tu, kama chafya.

"Hapa ni msibani?" nilimfokea. "Nani amekufa?"

"Hakuna, kocha."

"Sasa pole ya nini?"

"Samahani, kocha."

Wenzake walikufa kwa kicheko. Wengi wao ni watoto wa Soweto na wa huku kusini, Wazulu na Wasotho, baadhi wametoka kwenye raga. Neno lile wakalifanya mchezo. Wakikutana getini mmoja anasema, "Pole, bra," yaani ndugu, mwingine anajibu, "Eish, pole sana." Ni mimi peke yangu ambaye sikucheka, maana nilijua linamgharimu nini. Mtu anayesema pole ameshaanza kurudisha mikono. Hapo ndipo mpokeaji anapopita. Halikuwa suala la adabu hata kidogo, lilikuwa suala la nusu hatua, na kona anaishi au anakufa kwa nusu hatua.

Halafu ikaja habari kwamba watu wa ligi ya kulipwa wa kule ng'ambo watakuja jijini kupima vijana. Walikuwa wakitafuta hasa kona warefu wenye mikono mirefu, wanaoweza kucheza kwa nguvu pale mstarini. Wakimpenda mtu, wanamchukua kambini kwao. Niliyasoma maelezo yale nikamwona kijana wangu tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Kilichobaki ni lile neno.

Wiki hiyohiyo mama yake alikuja uwanjani. Ni mwanamke mfupi, ana sindano zimechomekwa kwenye kola, na alishika mfuko wa plastiki kwa mikono miwili. Alisimama kando mpaka tukamaliza, akanisogelea.

"Mwalimu, mutoto yangu anakupigaka kila siku, na mimi nabakia tu nanyamaza? Ona, nimekushonea kitu."

Ndani ya mfuko kulikuwa na kizibao kizito cha kitambaa cha bluu. Alikuwa amekata godoro la zamani, akapanga vipande vya sponji kifuani na mabegani, akavishona kwa mishono ya karibukaribu kama anayeshona koti la askofu. Alinivalisha mwenyewe, akanivuta huku na huku, akanipigapiga kifuani kuona kama sponji imekaa. Watu wamenipiga kifua hicho zaidi ya nusu ya maisha yangu, na hakuna aliyewahi kukihurumia kwa uzi.

"Haiumize tena?" aliuliza.

"Haiumizi, mama. Asante sana."

Akamtazama mwanawe aliyekuwa akikusanya chupa za maji. "Unamupeleka mbali, ni muzuri, mimi siko nakatala. Lakini anirudilie huyu huyu. Hapana mwingine."

"Ondoa shaka, mama," nilimwambia. "Ni mchezo tu."

Basi nikaanza kazi. Kwa kuwa sasa nina kizibao, nikamwambia hana kisingizio cha kunihurumia. Kila pole ni kuzunguka uwanja mbio. Siku za kwanza alizunguka mpaka jua likatua nyuma ya majukwaa ya uwanja wa mbio za farasi ulio jirani, na akirudi mstarini ananipiga, neno linamponyoka, anaondoka tena kukimbia kabla sijafungua mdomo. Nilimfundisha kuiuma kinga ya meno wakati wa kupiga, kwa sababu meno yakibana neno halipiti. Nikamfundisha na la mwisho: ukimaliza kupiga, geuka, rudi mahali pako, subiri mchezo unaofuata. Aliyeanguka si kazi yako. Usimtazame.

Nilimpenda kijana yule, nasema wazi. Hakununa hata siku moja. Alikuja kabla ya wote, mara nyingine anatoka moja kwa moja kupeleka nguo za wateja wa mama yake, na alikuwa wa mwisho kuondoka. Usiku nilikuwa nikitoka zamu yangu miguu imevimba, najiuliza kwa nini nisiache mambo haya nikalale kama watu wa umri wangu, halafu namkumbuka yeye akiwa mstarini, kinga ya meno imebanwa, macho kwenye kifua changu, na kesho yake naenda.

Siku moja, kwenye baridi kali ya hapa ambayo hukausha nyasi zikawa rangi ya karatasi ya kaki, alinipiga nikarudi nyuma hatua tatu. Nilisubiri. Kimya. Akageuka akarudi mahali pake. Tukarudia, kimya. Mpaka mazoezi yanaisha hakulisema hata mara moja, na niliporudi nyumbani nilimtangazia mke wangu habari hiyo hata kabla sijavua viatu.

Alikuwa akisonga ugali. "Na wewe unafurahi?" aliuliza.

"Nisifurahi vipi? Ameiva."

"Hata wewe ulipotoka Marekani ukanifuata ulikuwa husemi pole. Ukiniona nimeungua na sufuria unanyamaza tu. Mwaka mzima nilidhani kuna kitu nimekukosea."

"Hukuniambia."

"Nilizoea," alisema, akapakua.

Siku ya kupimwa ilifika. Wageni walikuwa na saa zao shingoni, miwani yao nyeusi, na kila kijana alikuwa na namba mgongoni. Wangu walimpanga na mpokeaji mkubwa, mtu wa raga wa Pretoria, shingo kama kisiki. Kipenga kikalia. Kijana wangu alimngoja, hakurukia, akatoa viganja vyote viwili kwa pamoja, akampata chini ya kifua. Yule mtu mkubwa alienda chini kama kiroba cha unga kilichoteleza begani mwa kuli, akabaki palepale akitafuta pumzi. Kijana wangu alikwishageuka. Alirudi mstarini, akainama, akasubiri anayefuata. Mmoja wa wageni alimgusa mwenzake kiwiko. Nilijua hapohapo. Nikaenda nyuma ya gari la mtu nikalia, na sioni aibu kusema, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuliko nilivyodhani.

Walimchukua. Mama yake alipiga vigelegele kwenye simu mpaka nikaiweka mbali na sikio.

Wiki ya kuondoka kwake alikuja mazoezini kama kawaida. Ningeweza kumwambia apumzike, lakini nilitaka kuipokea mikono ile mara ya mwisho. Kizibao changu kilikuwa kwa mama yake. Sponji ilikuwa imelala, akaomba aibadilishe kabla mwanawe hajasafiri. Nikasimama na shati langu.

Alinipiga vizuri sana. Mpaka sasa nikikumbuka, naweza kuonyesha kila kidole kilipokaa. Miguu yangu ilitoka ardhini, nikaangukia mkono wa kulia, na bega likachomoka kwa ule mlio ninaoujua tangu ujanani. Nilikaa chini kwenye nyasi kavu, mkono unaning'inia, kizunguzungu kimenishika.

Nilisikia miguu ikija mbio. Vijana wote walinizunguka, wa Soweto, wa raga, wale waliokuwa wakicheka getini. "Pole, kocha! Eish, pole! Pole sana, kocha!" Mmoja alipiga magoti akanishikia mkono usitikisike, mwingine ananifuta majani kichwani, na wote wanalitamka neno lile sawasawa, kama waliozaliwa nalo. Lilikuwa limeacha kuwa mchezo kwao, sijui tangu lini.

Kati ya miguu yao nilimwona yeye. Alikuwa mahali pake mstarini, magoti yamekunjwa, kinga ya meno imebanwa, uso mtulivu hauna ubaya wowote. Alikuwa akisubiri mchezo unaofuata.

Nilitamani neno lile limtoke. Ningezunguka uwanja mimi mwenyewe, na bega langu lile, ili mradi nilisikie.

Alipoona siinuki ndipo alipotoka mstarini. Alikuja taratibu, akapenya katikati ya wenzake, akanitia mkono chini ya kwapa la upande mzima na kuninyanyua kwa uangalifu, maana mikono yake siku zote ilikuwa na akili. Akatoa kinga mdomoni ili aseme. Nikangoja.

"Kocha," aliniuliza kwa Kiingereza, "mkono wa kushoto ulichelewa?"

Nyuma yake, getini, mama yake alikuwa anaingia na mfuko wake wa plastiki, kizibao cha bluu kimefura ndani yake.

"Hapana," nilimwambia. "Haukuchelewa."