Gari la Korea na Harusi ya Mdogo Wangu

Mume wangu alinunua gari kwa mtu aliyekuwa amelichoka, na jambo hilo lilionekana wazi kwa kila mtu isipokuwa yeye. Mwenye gari alikuwa mzungu, mhandisi, aliyemaliza mkataba wake Zambia na alikuwa akilipeleka gari bandarini Dar es Salaam ili alisafirishe kwao. Alipofika Mbeya akaliegesha mbele ya hoteli, akaulizia mnunuzi, kisha akakata tiketi ya treni. Nilimuuliza mume wangu swali moja tu: mtu aliyetoka Lusaka na gari lake, kwa nini safari iliyobaki aimalize kwa treni?

"Amechoka kuendesha," akasema.

Hii ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Mume wangu alikuwa akifundisha jiografia sekondari, na mimi nilikuwa nyumbani na cherehani yangu, nikishona sare za shule na majoho ya kwaya. Magari ya watu binafsi mjini yalikuwa machache, tukiyajua kwa milio yake hata kabla hayajakata kona. Letu lilikuwa dogo, la njano iliyofifia, nyuma limekatwa mshazari, na lilikuwa limetengenezwa Korea.

Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Redio za Japani tulizijua, na baiskeli za China na za India tulizipanda. Lakini gari la Korea hakuna aliyewahi kulisikia. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuja jioni ile ile, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Mwalimu, hii Korea ni ipi? Ile ya marafiki zetu, au ile nyingine?"

"Ile nyingine," mume wangu akajibu.

Balozi akalizunguka gari, akainama akachungulia chini, kana kwamba siasa ingeonekana kwenye ekzosi. Aliponyanyuka akasema, "Basi sawa. Lakini ukiulizwa, sema ni la Kijapani."

Angekubali hilo tungeepukana na mengi. Mume wangu hakukubali. Kila aliyesimama kulitazama alipewa somo: kwamba watu wale juzi tu walitoka vitani hawana kitu, wanakula shayiri, na sasa wanatengeneza gari lao wenyewe na kuliuza mpaka Amerika ya Kusini. "Na sisi tutafika," alikuwa akimalizia. Sikatai, wale watu baadaye walifika mbali sana, na leo magari yao yamejaa barabarani na wanaoyanunua wanayanunua kwa hiari yao. Lakini wakati ule hawakuwa wamefika, na spea zao hazikuwa zimefika Mbeya kabisa.

Niseme pia haki yake. Asubuhi za Juni, baridi ya Mbeya inapokuwa kali kiasi cha maji ya ndoo kuuma vidole, gari lile liliwaka mara moja, wakati jirani yetu mganga wa zahanati anaita watu wamsukumie lake. Injini ilikuwa nzuri. Kilichoizunguka ndicho kilichonichosha. Rangi ilitoka kama maganda ya kitunguu. Mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba. Na tumbo lake lilikuwa chini mno kwa barabara zetu, kwa hiyo kila jiwe lilitupigia hodi miguuni.

Tena usukani ulikuwa kushoto. Sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, basi dereva alikaa ukingoni, karibu na majani, na mimi nikakaa katikati ya barabara. Akitaka kulipita lori, yeye haoni mbele. Mimi ndiye nilitoa kichwa dirishani nikaangalia.

"Vipi, nipite?"

"Subiri."

"Sasa?"

"Nimesema subiri, kuna basi."

"Mama watoto, unaogopa tu."

Hivyo ndivyo tulivyosafiri. Nikishuka nilikuwa na vumbi upande mmoja wa uso.

Mdogo wangu wa mwisho alipochumbiwa kwetu Iringa, niliahidi kumshonea gauni la harusi mwenyewe. Kitambaa kilikuwa taabu kupata miaka ile, madukani rafu zilikuwa tupu. Nilikipata kwa mke wa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa amekihifadhi sandukuni, nikashona polepole, kola ya lesi, mikono mirefu. Niliposhauri tutangulie kulituma gauni kwa basi, mume wangu alionekana kuumia.

"Tuna gari," akasema, "halafu tutume gauni kwa basi?"

Tuliondoka Ijumaa asubuhi, ndoa ikiwa Jumamosi. Gauni nililifunga ndani ya shuka jeupe, nikalilaza kiti cha nyuma juu ya mikungu ya ndizi ya mama mkwe wangu. Watoto tuliwaacha kwa huyo bibi yao. Tulipita Chimala, tukanunua mchele, mume wangu akiimba. Tulipokaribia Igawa akaacha kuimba. Moshi mweupe ulikuwa unatoka kwenye boneti.

Alisimamisha gari mbele ya kibanda cha chai, akafungua, mvuke ukamrudisha nyuma. Pampu ya maji ilikuwa imepasuka. Madereva wawili wa malori waliokuwa wakinywa chai walikuja kutazama. Mmoja akauliza gari la wapi, akaambiwa, akarudi kwenye chai yake.

Mume wangu akaanza kutengeneza kwa sabuni ya mche na kipande cha mpira. Kabla ya saa sita likasimama basi la Iringa. Nilisimama na furushi langu la gauni mkononi.

"Nitangulie," nikamwambia.

"Unaniacha njiani? Ngoja kidogo tu, linakaribia kupona."

Mama mwenye kibanda, ambaye alikuwa amekaa akipepeta mchele, akaniambia, "Panda, mwanangu. Hao na magari yao hawasikiagi."

Nilitazama basi, nikamtazama mume wangu amepiga magoti mchangani, mikono imejaa sabuni, na kondakta akagonga bodi, basi likaondoka. Sabuni ilishika kwa muda wa kutoka kibandani mpaka kwenye mti wa jirani. Halafu maji yakamwagika yote.

Hakukuwa na basi jingine siku ile. Tulilala kwa yule mama wa chai, na Jumamosi tukapata lori la vitunguu. Gari tulimwachia yeye alilinde. Lori lilipanda vilima kwa mwendo wa mtu mwenye mzigo kichwani, na dereva alisimama kila penye rafiki. Nilikaa mbele nimelipakata gauni, sikumsemesha mume wangu, naye huko nyuma juu ya magunia hakuwa na wa kumsemesha.

Tulipofika kanisani Iringa watu walikuwa wanatoka. Nilimwona mdogo wangu mlangoni, amevaa gauni la mke wa mchungaji, mwanamke mnene kuliko yeye mara mbili. Walikuwa wamelibana kwa pini mgongoni, na alikuwa anatembea ameshika shingo ya gauni lisimwanguke. Aliponiona akasimama.

"Dada, umefika," akasema.

Nilimwonyesha furushi. Nikamwambia twende ndani kidogo abadilishe, avae kwa ajili ya sherehe na picha.

"Nimeshaolewa, dada. Na hilo linanuka vitunguu. Niache nikale."

Hakusema kwa hasira.

Sherehe ilifanyika uani kwa baba yetu. Mimi nilijificha jikoni na wanawake wengine, nikichochea pilau, kwa sababu kila aliyekuja kunisalimia aliuliza kilichotupata, na kila nilipoeleza, niliishia kwenye neno Korea, na mtu akacheka. Ndipo mume wangu akaja mbio, uso unang'aa kama wa bwana harusi. Alikuwa amekutana na mzee mmoja, mchuuzi wa mbao wa Ipogolo, ambaye alikuwa na gari kama letu. Kama letu kabisa, alisema, hata rangi.

Kesho yake baada ya ibada tulikwenda kuliona. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kujua ni nani mwingine aliyeingia mkenge ule. Gari lilikuwa bandani nyuma ya nyumba, limelalia matofali, na kuku wametagia kiti cha nyuma. Mzee alikuwa amelinunua kwa mtu aliyetoka nalo Malawi, na alikuwa analichukia kwa moyo wake wote.

"Hili gari yatima, Mwalimu," akasema. "Halina baba, halina mama. Giaboksi imekufa, nimetafuta mpaka Dar. Wananiuliza, la Korea? Wananicheka."

"Lakini injini?" mume wangu akauliza.

Mzee akapangusa vumbi kwenye boneti. "Injini nzuri," akakiri.

Walielewana hapo hapo, wakaingiza vichwa vyote viwili chini ya boneti. Mke wa mzee alinitolea kigoda, akakaa karibu yangu na ungo wa maharage.

"Na wako anakutoa kichwa dirishani?" akaniuliza.

"Kila siku."

"Mimi nilimwambia, siku nikikatwa kichwa na lori, mazishi utanipeleka kwa miguu."

Tulichambua maharage tukihesabiana madhila, na yalikuwa yale yale: mlango wa kamba, mawe miguuni, wageni wanaokuja kuuliza Korea ni wapi. Tukakubaliana kwamba moja kati ya magari yale ni lazima life ili jingine liishi, na kila mmoja wetu aliombea la kwake ndilo life.

Kumbe wanaume nao walikuwa wamekwama hapo hapo. Mume wangu alitaka pampu. Mzee alitaka giaboksi yetu.

"Nikikupa pampu peke yake, mimi nabaki na nini?" mzee akasema. "Chukua lote au acha lote."

Mume wangu akalichukua lote. Alilibadilisha kwa baiskeli yake iliyobaki nyumbani, ile ile aliyokuwa akiendea shuleni kila petroli ilipokosekana, na petroli ilikosekana mara nyingi kuliko ilivyopatikana. Nilienda Iringa na gari moja bovu, nikatoka mmiliki wa mawili. Yule mama wa Ipogolo alinisindikiza mpaka barabarani. Alikuwa anajitahidi asicheke.

Pampu tuliifunga Igawa, na gari likatufikisha nyumbani bila kelele. Lile jingine lilikuja baadaye juu ya lori la mbao, likateremshwa kwenye bustani yangu ya figiri. Lilikaa pale kwa misimu kadhaa likipungua, leo taa, kesho kioo, na mume wangu alikwenda shuleni kwa miguu akipita katikati ya magari yake mawili.

Mdogo wangu hakuja Mbeya kwa muda mrefu. Alipokuja alikuwa na mimba kubwa, akaniomba lile gauni nilikate nilishone liwe la ubatizo wa mtoto. Nililikata yeye akiwa amekaa ananitazama. Lesi ya kola ilitosha ukingo wote wa chini. Tulizungumza mambo mengi siku ile, ya harusi hayakuwemo.

Mwishowe aliyetuokoa ni Msukuma mmoja mfugaji, aliyekuwa amehamia bonde la Usangu na ng'ombe wake. Alilima pia mpunga, na alitaka kitu cha kuzungukia mashambani, mbali na barabara na askari. Aliyachukua yote mawili, akaleta ng'ombe wa maziwa na ndama wake. Nilimuuliza kama anajua ni magari ya wapi.

"Sijui, mama," akasema. "Si moja linaenda?"

Alikuwa mwenye gari lile wa kwanza kuridhika nalo. Nilipanda figiri upya. Watoto walikunywa maziwa mpaka wakayachoka, na nikaanza kulala nimetulia.

Halafu jioni moja mume wangu alirudi na dereva wa lori la Zambia, akamkaribisha chai. Nilikuwa kwenye cherehani, nikisikiliza. Walizungumza habari za mvua, za bei ya mahindi, za mpaka wa Tunduma. Kisha nikamsikia mume wangu akishusha sauti, akiuliza kama ni kweli wale Wakorea wametoa gari jipya, lenye usukani kulia.