Mashine Iliyofuata Saa ya Mwankoko

Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Alhamisi, nilipojaribu kufungua tovuti ya usajili wa mitihani na kompyuta yangu ikakataa. Haikuzimika wala haikupiga kelele. Ilileta ukurasa mweupe wenye mistari miwili ya Kiingereza, ikisema kwamba kivinjari changu ni cha zamani mno na mawasiliano hayawezi kulindwa. Kivinjari ni ile programu ya kufungulia tovuti. Changu kilikuwa toleo la mwisho ambalo mashine ile iliweza kulibeba, na waliokitengeneza walikuwa wameacha kukihudumia kitambo.

Aliyeketi kwenye benchi mbele ya meza yangu alikuwa jirani, mke wa fundi baiskeli. Mimi na mumewe tumeishi kama ndugu, kwa hiyo mimi na yeye tunaitana shemeji. Ana miaka arobaini na kitu, analima mchicha na figiri bondeni na kuuza mafungu nyumba kwa nyumba. Shule aliiacha kidato cha pili alipoolewa. Kwa miaka miwili alikuwa akijisomea kwa vitabu vilivyotumika, na mara moja moja alikuja kwenye duka langu la uchapaji hapa Mwankoko kuniuliza hesabu za mafumbo, nami nikimjibu nilichojifunza mwenyewe kwa njia hiyo hiyo. Sasa alitaka kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kituo cha mtihani kilishampa namba na nywila ya kuingilia kwenye tovuti, na ada alishalipa kwa pesa ya mchicha. Kilichobaki ni kujaza taarifa zake, kuweka picha na kutuma kabla Jumamosi haijaisha. Akichelewa hapo angeongeza faini ya shilingi elfu kumi na tano, ambayo hakuwa nayo. Mtu pekee wa kumwomba alikuwa mumewe, na mumewe hakuwa akijua lolote.

"Kwani atakukataza?" nilimuuliza.

"Akataze? Atafurahi mno, shemeji. Hapo ndipo penye shida. Yule hana kifua. Kila atakayeleta baiskeli kuzibwa pancha ataambiwa, mke wangu anafanya mtihani. Nikifeli, mchicha nitauzaje mtaa huu?"

"Basi nenda mjini. Steshenari zina kompyuta mpya. Nauli nitakupa."

"Wifi yangu anauza vitenge mlango wa pili kutoka kwenye hizo steshenari. Na kule mteja hagusi kibodi, anajaziwa na mhudumu. Huyo mhudumu chakula cha mchana anakula na nani? Na wifi. Habari itafika nyumbani kabla yangu."

Nilipendekeza niende mimi na namba yake. Akasema mhudumu atakuwa yule yule na jina litakuwa lile lile. Nilijaribu kwa simu yangu, lakini nayo ni ya zamani. Ukurasa ulifunguka nusu, na sehemu ya kuweka picha haikuonekana kabisa. Nadhani ningesisitiza sana angekubali kwenda hata kijiji kingine, pengine Mtinko, ambako hakuna anayemjua. Sikusisitiza. Sikupenda mashine ile ishindwe mbele ya mtu niliyemwambia kwa miaka kwamba inaweza.

Niliinunua kutoka ofisi ya mradi wa maji ilipofungwa na vitu vyake kuuzwa. Wakati huo ilikuwa nyeupe. Sasa ina rangi ya maziwa yaliyoganda. Sikuwahi kukaa darasani kusomea kompyuta. Elimu yangu ni ya darasa la saba, na vingine vyote nilivipata kwa kamusi, na kwa kusoma zile kurasa za msaada ambazo watu wengi huzifunga bila kuzitazama. Kwenye mashine ile nimechapa mitihani ya shule za msingi, kadi za michango ya harusi, ratiba za mazishi, mikataba ya mashamba na barua za kuomba kazi zisizo na idadi. Herufi A ilifutika kwenye kibodi kabla ya nyingine zote, kwa sababu lugha yetu haiwezi kusema lolote bila A. Niliirudishia kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Feni yake ikianza kuzunguka asubuhi hutoa mlio wa cherehani iliyokosa mafuta, na mimi mlio huo huniambia kwamba siku ya kazi imeanza.

Tukiwa bado tunautazama ule ukurasa mweupe, aliingia mzee mmoja, mtani wangu, ambaye huja kila siku kusoma gazeti asilonunua. Shemeji aliinuka kidogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Na wewe umeletwa na nini kwenye duka la vyuma chakavu?"

"Nimekuja kutoa kopi ya kadi ya kliniki ya mjukuu," alisema, bila kupepesa macho. Kwa kweli, mjukuu hana.

Mzee aliitazama mashine. "Hii bado hamjaizika? Mimi nilishaandaa rambirambi."

"Itakuzika wewe, mzee," nikamwambia. "Ratiba yako nimeshaichapa, imebaki tarehe."

Alicheka mpaka akakohoa, akachukua gazeti, akaketi. Mambo ya usajili yaliishia hapo kwa siku ile. Shemeji alinikazia macho, kisha akaondoka na kopi ya kadi isiyokuwepo, yaani karatasi tupu niliyomkunjia.

Mchana nilimpigia fundi wa kompyuta ninayemfahamu mjini, kijana mwenye adabu.

"Mzee wangu, hiyo ipeleke makumbusho," alisema. "Ninayo kompyuta mpakato iliyotumika, laki tatu na themanini. Kwako wewe naondoa kumi."

"Na hii haina dawa?"

"Dawa ya uzee ipo, mzee wangu?"

Sikumlaumu. Anaishi kwa kuuza. Lakini nilikuwa nimewahi kusoma kwamba wapo watu duniani wanaotengeneza mifumo myepesi ya bure ya kuendeshea kompyuta, kwa ajili ya mashine zilizoachwa, na kwamba mfumo wa namna hiyo huja na kivinjari kipya. Ijumaa asubuhi nilinunua flashi kwenye duka la vifaa vya simu jirani na kwangu, nikaweka bando, nikaupakua mfumo huo kwa simu na kuuhamishia kwenye flashi. Mafaili yangu yote niliyanakili kwanza kwenye diski ya nje, nikafungua mawili matatu kuhakikisha yanasomeka. Ndipo nikaiwasha mashine kwa flashi ile na kuanza kufuta mfumo wa zamani.

Nakiri nilikaa kidole kikiwa juu ya kitufe kwa muda. Mfumo ule ndio nilioufahamu. Nilijua kila pembe yake, na mahali mashine inapokwama nilijua pa kuigonga. Nilibonyeza. Ilipofika alasiri mashine iliamka ikiwa na sura nyingine, nyepesi kuliko nilivyoizoea, na nilipofungua tovuti ya usajili ilifunguka yote, na nembo yake juu na sehemu ya picha chini. Nilimwita mke wangu atoke ndani aione. Alisema, "Haya, imeokoka," akarudi jikoni.

Kitu kimoja tu hakikunipendeza, nacho kilikuwa saa. Kwa miaka mingi betri ndogo ya ndani ya mashine ile imekufa, na kila asubuhi ninairekebishia saa kwa mkono. Naiweka kama tunavyoisoma sisi. Ikiwa ni saa tatu asubuhi, naandika tatu. Kioo cha kompyuta kinatazama mlangoni, na watu wa mtaa huu wanaopita kwenda shamba, zahanati au kwenye mazishi huchungulia pale kujua wakati. Mzee mtani wangu hunywea dawa zake za presha kwa saa ile. Sasa mfumo mpya, ulipopata intaneti tu, ulijiwekea saa wenyewe na kuandika kumi na sita na dakika kadhaa wakati watu wote wanajua ni saa kumi. Niliuona kuwa ni ubishi wa mgeni. Nilizima ule utaratibu wa kujiwekea, nikairudisha saa yetu.

Jumamosi shemeji alikuja na kikapu cha mchicha, na chini ya mchicha kulikuwa na picha yake ya pasipoti ndani ya kitabu cha historia. Niliskani picha. Aliandika namba na nywila mwenyewe, kwa kidole kimoja, akinong'ona kila herufi. Ukurasa wenye jina lake ulifunguka. Aliliangalia jina lake pale juu kama mtu aliyekutana na ndugu safarini. Kisha alibonyeza mahali pa kuendelea, na tovuti ikatutoa nje.

Iliandika kwamba kikao chetu, yaani ruhusa ya kuwa ndani ya tovuti, hakijaanza kutumika. Tuliingia tena, ikatutoa tena. Nikazima mashine, nikaiwasha, nikarekebisha saa kama kawaida yangu, tukaingia upya. Ikatutoa.

"Labda imenijua," alisema.

"Imekujuaje?"

"Kwamba nimeacha shule siku nyingi."

"Shemeji, hii ni tovuti, si mkwe wako."

Alicheka, lakini kicheko hakikukaa. Alisogea mwisho wa benchi, akafungua kitabu chake na kuanza kusoma sura ya ukoloni kwa midomo, kama mtu ambaye hata usajili ukishindikana somo litabaki. Hilo liliniumiza kuliko kama angelalamika.

Nilirudia kuyasoma maneno yale taratibu. Nilikuwa nimeyapokea kana kwamba yanasema muda wetu umekwisha, kwa sababu hiyo ndiyo lawama ya kawaida ya tovuti. Lakini hayakusema umekwisha. Yalisema haujaanza. Kitu ambacho hakijaanza ni kitu cha wakati ujao. Nikajiuliza ni nani kati yetu aliye nyuma ya wakati, nikatazama pembe ya kioo. Mashine iliandika saa tano na dakika saba. Nje jua lilikuwa la saa tano, lakini kwa saa za tovuti ile, ambazo huanza kuhesabiwa usiku wa manane, tano ni alfajiri. Ilikuwa inatupa ruhusa ya saa kumi na moja ya kwao, nasi tunaipokea tukiwa bado kwenye giza la asubuhi. Tovuti za zamani hazikuwahi kuniuliza saa. Hizi mpya zinalinganisha saa yao na ya mgeni kabla ya kumkaribisha, na saa ambayo mfumo ulijiwekea Ijumaa, ile niliyoiita ubishi, ndiyo waliyokuwa wakiitaka.

Niliruhusu mfumo ujiwekee saa. Ikaruka mpaka kumi na moja na kitu.

"Ingia tena," nikamwambia.

Aliingia. Alibonyeza mahali pa kuendelea na ukurasa uliofuata ukaja na kubaki. Tukajaza tarehe ya kuzaliwa, kituo, kisha masomo. Alichagua saba. Nilimuuliza kama hesabu ana hakika nayo.

"Weka," alisema. "Nimeisumbukia, siwezi kuiacha nje."

Picha ilikubaliwa mara ya pili, baada ya kuipunguza ukubwa. Kitufe cha kutuma sikukigusa. Alijifuta vidole kwenye kanga, akakibonyeza yeye, kwa nguvu nyingi kuliko ilivyohitajika, na ukurasa wa uthibitisho ukatokea ukiwa na jina lake, picha yake na masomo yote saba. Nikawasha printa.

Karatasi ikiwa bado inatoka, mzee akaingia. Kabla hata ya kusalimiwa alikuwa ameshatazama kioo.

"Kumi na moja na nusu! Jua la namna hii? Dawa yangu ya mchana imepita?"

"Haijapita, mzee. Ni saa tano na nusu. Toa sita."

"Nitoe sita kwa nini? Jana sikutoa kitu."

"Mashine imebadilishwa."

"Si niliwaambia muizike mapema," alisema, akaketi na gazeti. "Na wewe mama, kadi ya kliniki tena?"

"Mjukuu ana kadi nyingi, baba," alisema shemeji. Aliikunja ile karatasi mara nne, akaiweka ndani ya kitabu na kitabu chini ya mchicha, akatoka akitembea kama mtu anayeenda kuuza mboga.

Tangu siku ile mashine inafuata saa za tovuti, na saa ya ukutani niliichukua nyumbani nikaitundika dukani kwa ajili ya wapita njia. Najua mfumo huu nao siku moja utaachwa na waliouandika, na siku hiyo nitatafuta mwingine mwepesi zaidi, kama bado upo. Mpakato wa laki tatu na themanini sijaununua, kwa hiyo siuhesabu. Ninachohesabu ni kilichotoka na kilichookolewa. Flashi iligharimu elfu kumi na mbili na bando elfu tano. Faini ambayo shemeji hakuilipa ni elfu kumi na tano. Kwa kulinganisha pande zote mbili, tulipata hasara ya shilingi elfu mbili.