Daktari Aliyebaki Nje ya Mlango

Mama Mdogo, anayemfuata mama yangu kwa kuzaliwa, ni fundi cherehani. Hashoni magauni ya harusi wala suti. Anashona sare za shule, makoti ya wauguzi na mapazia, na ukimwuliza kwa nini, atakwambia pazia halijawahi kulalamika kwamba limebanwa kwapani. Chumba chake cha kazi ndicho sebule yake: cherehani mbili dirishani, mashine ya ovaloki inayonguruma kama ina ugomvi na mtu, meza ndefu ya kukatia, na juu ya kabati la vitambaa, televisheni kubwa kuliko chumba chenyewe.

Televisheni ile iliwekwa pale kwa ajili ya mumewe, Baba Mdogo. Yeye alikuwa kinyozi, tena kinyozi wa maneno. Watu walikuwa wakienda kunyolewa hata nywele hazijaota, ili tu wamsikie akisimulia. Kiharusi kilimkuta kazini, mashine ya kunyolea mkononi. Mteja aliyekuwa kitini alisema baadaye kwamba alijua kuna jambo zito kwa sababu kinyozi alinyamaza katikati ya habari ya mtu mwingine, jambo ambalo halijapata kutokea.

Alirudi nyumbani kutoka hospitali mkono wa kulia ukiwa umelala na ulimi ukiwa mzito. Wataalamu walieleza kwamba maneno yote yamo kichwani, ila njia ya kutokea imeharibika, na kwamba akifanya mazoezi itafunguka kidogo kidogo. Hakutaka mazoezi. Wageni wakija kumjulia hali aligeuza uso ukutani. Mama Mdogo akamweka kwenye kiti cha mikono karibu na meza ya kukatia, akamwashia televisheni, akaendelea kushona huku akimtazama kwa pembe ya jicho.

Hivyo ndivyo walivyokutana na *Mji wa Juu*. Kilikuwa kipindi cha Alhamisi jioni, habari za watu wanaoishi katika mji unaoelea angani, mbali na dunia yoyote, wengi wao wakiwa hawajawahi kukanyaga udongo. Kulikuwa na Nahodha, mwanamke mkali mwenye moyo laini. Kulikuwa na Daktari, ambaye kila dawa aliijaribu mwenyewe kwanza. Na kulikuwa na Babu Mtambo, mashine kongwe iliyoendesha mji mzima, hewa, maji na milango, na ambayo haikukosa la kulalamikia. Mama Mdogo alidhani ni mambo ya watoto. Kisha Babu Mtambo akawaambia mabaharia wa angani kwamba amechoka kufungua milango kwa watu wasiosema asante, na Baba Mdogo akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka upande mmoja. Mama Mdogo aliniambia aliacha mguu juu ya pedali bila kuikanyaga, akaogopa hata kukohoa.

Tangu hapo Alhamisi ikawa Alhamisi. Neno la kwanza ambalo Baba Mdogo alilitamka likasikika vizuri lilikuwa hilo hilo, siku ya Jumatatu: "Alhamisi?"

Mwaka wa pili wa kipindi, Daktari alitoka nje ya mji kwenda kuziba bomba la hewa. Alipomaliza, mlango ukakataa kufunguka. Kipindi kikaishia hapo, yeye nje anagonga, Nahodha ndani ameweka kiganja kwenye kioo. Wiki iliyofuata, saa ile ile, kikatokea kipindi cha mashindano ya kupamba keki. Tukadhani wamekosea. Wiki iliyofuata tena, keki.

Mama Mdogo si mtu wa kupiga kelele, lakini akikamata jambo ni kama taya za mamba. Alikuwa anajua wapenzi wengine wawili wa kipindi. Mmoja alikuwa muuza nyama wa mtaa wa pili, baba mtu mzima mwenye sauti ya kuvusha barabara. Mwingine alikuwa nesi aliyekuja kushonewa koti na akakaa kubishana juu ya kipindi mpaka zamu yake ikampita. Mama Mdogo akawashonea sare za Mji wa Juu, kijivu na kola ya machungwa, wakavaa wote watatu, wakaenda kituo cha televisheni mchana kweupe.

Mlinzi wa getini aliwatazama kutoka juu hadi chini. Wakadhani watafukuzwa. Akasogea karibu, akauliza kwa sauti ya chini, "Samahani, mama. Mmesikia chochote? Daktari alikufa?"

"Ndicho tulichokuja kuuliza," akasema Mama Mdogo. Mlinzi akawafungulia.

Mkuu wa vipindi aliwapokea kwa adabu. Akawaeleza kwamba kipindi kilikuwa ghali, watazamaji wachache, waigizaji wameshaenda zao na ule mji wenyewe wa mbao na mabati umebomolewa. Kiti cha Nahodha ndicho hicho kilichopo mapokezi. Muuza nyama aliposikia hivyo alitoka, akaenda mapokezi, akakaa kwenye kiti kile, na ikachukua maneno mengi ya upole kumwinua.

Walirudi mikono mitupu. Mama Mdogo alivua sare, akavaa nguo zake, ndipo akaenda kumwambia mumewe kwamba kipindi hakirudi. Alitegemea angegeukia ukuta. Badala yake alimkazia macho, akawa anasaka maneno, jasho likimtoka, mkono mzima ukipiga kiti.

"Daktari," alisema. "Yuko. Nje."

"Najua, mume wangu."

"Yuko nje," akarudia, safari hii kwa hasira.

Mama Mdogo alisimama pale na futi yake ya kupimia shingoni. Alinieleza kwamba hakuwa amepanga kusema alichosema. "Basi tutamwingiza sisi," akamwambia.

Wakaanza Jumapili iliyofuata, mchana, kwenye meza ya kukatia. Nesi ndiye aliyekuwa anaandika. Mlinzi wa kituo naye akajiunga, amepiga pasi shati mpaka mikunjo inakata. Walibishana wiki baada ya wiki. Muuza nyama alitaka chombo kingine kitokee mbali kije kumwokoa Daktari.

"Hapana," Mama Mdogo akasema. "Mlango uliomfungia ni wa watu wa mji. Wa kumfungulia ni hao hao. Hivi wewe ukimfungia mkeo nje, utangoja jirani aje na ufunguo?"

"Mke wangu hafungiki," akasema muuza nyama, lakini akakubali.

Wakaafikiana hivi: Babu Mtambo amezimwa ili kubana umeme uliobaki, na watu wa mji wanakubali kukaa gizani, kila mmoja anazima taa yake, ili mzee apate nguvu ya kuamka na kufungua mlango mmoja tu. Wangeigiza katika ukumbi wa shule ambayo Mama Mdogo huishonea sare. Mwalimu mkuu alikubali shingo upande.

Nahodha walimpata kwa bahati. Yule mwigizaji mwenyewe alikuwa siku hizi anauza miwani katika duka la karibu na hospitali, na Nesi alimtambua kwa sauti. Akamwomba aigize tena. Akakataa papo hapo.

"Mimi niliachishwa kwa simu, dada," alisema. "Nikiwa foleni ya benki. Nimeshamzika Nahodha. Mniache."

Nesi hakumsumbua. Alichofanya, na mpaka leo anaapa kwamba hakikuwa hila, ni kumwelekeza kwa Mama Mdogo siku alipolalamika kwamba sketi zake za kazini zimemlegea. Akaja Jumapili. Akasimama mlangoni na sketi zake mkononi, na ndani muuza nyama alikuwa anasoma maneno ya Nahodha kwa sababu hakukuwa na mwingine, anayasoma kama anayetangaza maini yamefika.

Mwanamke yule alivumilia kadiri alivyoweza. Mwisho akasema, "Kaka, Nahodha hapazi sauti. Akikasirika ndiyo anashusha." Akaweka sketi juu ya ovaloki, akachukua karatasi. Hakuondoka mpaka jioni, na sketi akazisahau.

Ikabaki sehemu ya Babu Mtambo. Mwigizaji wake alikuwa amehamia nchi nyingine. Mlinzi hakuweza, kwa sababu alishapewa kuwa Daktari na alikuwa anafanya mazoezi ya kugonga mlango hata nyumbani. Muuza nyama alijaribu wakacheka. Mama Mdogo alijaribu, akawa anaharakisha. Wakawa wanajadiliana, wote kwa pamoja, ndipo sauti ikatoka kwenye kiti cha mikono.

"Nani... ameniamsha?"

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza ya Babu Mtambo. Baba Mdogo alikuwa ameyasikia Jumapili zote hizo. Aliyasema polepole, neno moja likivutwa kutoka mbali, likikwaruza njiani, kisha jingine. Nahodha, namwita hivyo kwa sababu hata sisi tulisahau jina lake jingine, alizunguka meza akaenda kuchutama mbele ya kiti.

"Huyu hapa," akasema. "Mlikuwa mnatafuta nini?"

Baba Mdogo akatikisa kichwa. "Mnani... onea huruma."

"Baba, mimi kwenye kazi simwonei mtu huruma. Huyu kaka wa nyama nilimwambia nini?"

"Kwamba kila sehemu niliyojaribu nimeiua," akasema muuza nyama.

"Haya. Mtambo uliolala muda mrefu unaamka hivyo hivyo ulivyoamka wewe. Mwingine angeigiza. Wewe utasema."

Akafikiri. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akaomba karatasi.

Mazoezi aliyoyakataa hospitalini akayafanya sasa bila kuambiwa. Asubuhi ungemkuta mbele ya kioo anakunja na kukunjua midomo. Mama Mdogo akiwa anashona, yeye anaongea na cherehani: "Mlango. Mlango. Uko wazi." Herufi nyingine zilimsumbua mno, na *mla* ilimganda mdomoni kama gundi. Nesi alitaka kubadilisha neno. Mzee akakasirika. Alisema mlango ni mlango.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa kuliko tulivyotegemea. Wengine walikuja na sare walizojishonea wenyewe, kola zimekaa upande, na Mama Mdogo alikuwa akipita kati ya viti akiwarekebisha kwa pini bila kuwauliza. Mapazia meusi yalikuwa yake. Baba Mdogo alikaa nyuma ya pazia jembamba lenye taa, umbo lake likionekana kama kivuli. Mimi nilikuwa karibu yake, kazi yangu kumshikia maikrofoni.

Tukaenda vizuri mpaka mwisho. Watu wa mji wakazima taa zao moja moja. Babu Mtambo akaamka, akalalamika, ukumbi ukacheka, nikamwona mzee anatabasamu. Nje, mlinzi wetu alikuwa anagonga, mara dhaifu, mara dhaifu zaidi. Yakabaki maneno matatu tu: mlango uko wazi.

Hayakutoka.

Nilimwona anayatafuta. Midomo ikajikunja, shingo ikakaza, hakuna kitu. Macho yake yakanigeukia, na katika macho yale niliona yule mtu wa kugeukia ukuta. Nilitaka kuyasema mimi, nikafungua mdomo.

Nahodha jukwaani alishusha sauti. Haya hayakuwamo kwenye karatasi. "Tunakungoja, Babu," akasema. "Hatuna pengine pa kwenda."

Akakaa chini, pale pale sakafuni, kama mtu aliye kwake. Muuza nyama naye akakaa. Mmoja baada ya mwingine, mji mzima ukakaa. Sijui ilikuwa muda gani. Najua mtoto mmoja alikohoa na mama yake hakumnyamazisha.

"Mla," akasema Baba Mdogo. Akapumua. "Mlango." Akafumba macho. "Uko wazi."

Mlinzi akaingia akianguka, na watu wakasimama kabla hajafika chini. Wengi waliamini ukimya ule ulipangwa, na mwalimu mkuu alituambia ndiyo sehemu aliyoipenda. Hatukumsahihisha. Mama Mdogo alikuja nyuma ya pazia, pini bado zimo mdomoni, akazitema kiganjani, akamfuta mumewe uso kwa upindo wa kanga yake. "Umenichelewesha kupika," akamwambia. Mzee akacheka kwa sauti yake ya zamani, ile ya kinyozi.

Kituo cha televisheni hakikurudisha kipindi. Mkuu wa vipindi alipiga simu mara moja kusema hana kinyongo, mradi tusijiite watu wa kituo. Lakini watu walikuwa wamerekodi kwa simu zao, na picha zikasambaa, na baada ya miezi michache tukasikia kuna kundi katika mji mwingine wanaigiza vipindi vyao, na kundi jingine mbali zaidi ya hapo. Sisi tumeendelea. Nesi anaandika, Nahodha anauza miwani wiki nzima na kuamuru mji Jumapili. Baba Mdogo ameigiza kila kipindi. Mkono wake haukurudi. Maneno yamerudi kiasi, na anayatumia yote.

Mwaka jana Mama Mdogo alipata habari kwamba kundi la mji mwingine wamemzima Babu Mtambo moja kwa moja katika hadithi yao, na mahali pake wameweka mashine changa. Hakula chakula cha mchana. Kesho yake akapanda basi, safari ya nusu siku, akaenda kuwaona. Tulidhani atarudi na ugomvi. Alirudi baada ya siku tatu, na mwanamke mnene mcheshi, fundi wa kundi lile, aliyekuja kujifunza jinsi ya kukaza kola, na yeye mwenyewe akiwa amejifunza namna mpya ya kukata mikono ya sare isibane kwapani.

"Na Babu Mtambo?" Baba Mdogo akauliza, hata kabla hawajaketi.

"Tumezungumza," akasema Mama Mdogo, akivua viatu. "Ataamka mwezi wa nne. Wanataka uende ukawaonyeshe."

Mzee aliwatazama wote wawili, kisha akasema, polepole, kwamba atafikiria, mradi wamwombe vizuri.