Uzito wa Maji na Mti wa Jirani

Ieleweke tangu mwanzo kwamba nguzo iliyo nyuma ya nyumba yangu, hapa mtaani Kampemba, si mali ya kampuni ya simu, haivuti radi, na sikuiiba siku niliyostaafu. Mambo hayo yote yamesemwa mtaani, na yote ni uongo. Nguzo ilijengwa kwa idhini ya idara ya upimaji wa ardhi nilipokuwa mkuu wa biro yake ya hapa mjini, ndani ya lupango, yaani ua wa nyumba yangu, kwa sababu hapa mwamba hauko mbali chini ya udongo, na kiwanja cha serikali hakikuwa na mlinzi. Nilipostaafu, idara ilihesabu meza, viti na hata mapazia, ikaisahau nguzo. Niliwakumbusha kwa maandishi. Sikujibiwa. Kwa hiyo naitunza mwenyewe.

Juu ya nguzo kuna antena nyeupe, upana wake kama sahani ya bukari, ugali wetu. Usiku na mchana husikiliza satelaiti, na kutokana na inachosikia mtu aweza kujua ardhi imesimama kimo gani, hata kwa milimita. Wengi hudhani ardhi imetulia. Haijatulia. Mvua zinapojaza mito, mabwawa na ziwa Mweru kule Pweto, na udongo wenyewe unapolowa, maji hayo yote yana uzito, na gamba la dunia hubonyea chini yake kama godoro chini ya mtu aliyelala. Kiangazi maji yakiondoka, huinuka tena. Nyumba zetu, makanisa na reli hushuka na kupanda kila mwaka, nasi hatuhisi kitu.

Katika nchi za baridi wanapima jambo hilohilo chini ya barafu. Mmoja wa wataalamu wa ng'ambo wanaopokea vipimo vyangu aliwahi kuniandikia kwamba kwao ardhi bado inainuka kutoka katika uzito wa barafu iliyoyeyuka zamani sana. Nilimjibu kwa urefu. Hakuandika tena, nami naelewa sababu. Watu wale huandika kukiwa na kasoro. Antena ikifanya kazi vizuri, hakuna anayekuuliza hali.

Barua yao iliyofika mvua zilipokuwa zikielekea kuisha ilikuwa ya kasoro. Upande wa mashariki, walisema, kuna kitu kinaziba anga na kuharibu vipimo. Kisipoondolewa, kituo kitafungwa. Au niihamishe antena. Hilo sikulikubali hata kidogo. Antena ikisogezwa upana wa kidole, mfululizo wa vipimo vya miaka yote unakatika, na hakuna atakayejua kama aliyesogea ni dunia au ni mtu.

Kilichoziba nilikijua. Ulikuwa mti wa avoka, yaani parachichi, wa jirani yangu.

Jirani huyo ni mjane, wazazi wake walitoka Kasai. Aliuza samaki wakavu wa Pweto mbele ya nyumba yake, meza ikiwa kivulini mwa mti ule, na wateja wakikaa kwenye makasha. Tangu mke wangu alipofariki na watoto kuhamia mbali, kila alasiri nilikwenda kuukagua mti. Niliukagua kweli: matawi, kimo, upande unaoelekea antena. Ukaguzi huo ulihitaji kiti, naye alikuwa na kiti. Kisha aliniletea mkate na nusu ya avoka iliyotiwa chumvi.

“Papa inspekta anakuja,” aliwaambia wateja. “Mukae muzuri, asibapime.”

“Mama, mimi sipimi watu.”

“Ndiyo, unapima udongo, kama fundi wa nguo. Leo inanenepa ao inakonda?”

“Inashuka.”

“Ishuke polepole. Miye niko na samaki ya kuuzisha.”

Walicheka, nami niliwaacha wacheke. Katika mji huu mzima hapakuwa na mwingine aliyeniuliza habari za ardhi.

Barua ile niliitembeza mfukoni alasiri kadhaa. Mwishowe nikaeleza jambo lenyewe nikiwa nimesimama, kama ipasavyo shughuli ya kikazi: sehemu yote ya juu ya mti, kutoka usawa wa paa, ingepaswa kukatwa.

Alifuta kisu chake kwenye kitenge. “Papa, unakula avoka yangu miaka yote, na leo unakuja kuniambia muti iko na makosa?”

“Mti hauna kosa. Ni anga, mama.”

“Na jua? Samaki itakauka mara mbili? Bantu ba kununua batakaa wapi?”

“Nitakununulia turubai.”

“Turubai inazaa avoka?”

Mteja mmoja, mwanamke mwenye kapu, akadakia: “Papa, hamisha ule muchuma yako!”

“Hauhamishwi.”

“Basi na muti haihamishwi,” akasema, na wateja wote kwenye makasha wakashangilia.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, si kwa ajili yao. Nilikasirishwa na idara, ambayo ndiyo iliyopaswa kumpelekea mama yule ombi lenye muhuri, na kumlipa fidia. Na wale wa ng'ambo, ambao kwao mti wa mtu ni doa kwenye mchoro. Niliandika jibu kwamba kituo kifungwe. Sikulituma. Na alasiri zilizofuata sikwenda kukagua, kwa kuwa sasa ukaguzi ungeonekana kama shinikizo.

Ikaja siku ya uhakiki wa wastaafu, ambapo kila mmoja wetu hujipeleka mwenyewe kuthibitisha kwamba yu hai. Nilishinda kwenye foleni. Niliporudi, nikiwa bado kwenye kona ya barabara, niliona anga mahali ambapo hapakuwa na anga. Wanaume wawili walikuwa wakifunga magogo kwenye baiskeli ya kuchoma makala, yaani mkaa. Jirani alikuwa akifagia majani.

“Mama, mbona hukunisubiri?”

“Ungelikuwa hapa, ungelisimama chini unafundisha bantu namna ya kukata.”

Hilo lilikuwa kweli. “Lakini ulikuwa umekataa.”

“Siku ile nilikupa kiti, ukasimama. Miaka yote unakaa.” Aliendelea kufagia. “Nikajua iko kitu ya nguvu kwako.”

Nilimpelekea turubai kesho yake. Lilipiga kelele kwenye upepo, na chini yake joto lilizidi la nje. Wateja walinunua wamesimama, kisha wakapungua. Kabla ya mwezi kwisha alihamishia meza sokoni, chini ya bati. Vipimo vikawa safi upande wa mashariki kama vilivyokuwa mwanzo, na barua hazikuja tena.

Mvua zilipokata kabisa, nilikwenda sokoni. Alikuwa amezungukwa na watu. Nilingoja zamu yangu.

“Mama, ardhi imeanza kupanda.”

Alicheka, kicheko chake cha kweli, huku mikono yake ikimchagulia mwingine samaki. “Aksanti Mungu, papa. Sogea kidogo, mama ule apite.”

Nilisogea. Mama yule akapita, na baada yake wengine. Nilinunua samaki ingawa nilikuwa nao nyumbani, kwa kuwa mtu hasimami mezani pa muuzaji bila shughuli, nikashika njia ya kurudi.