Panya Wawili wa Tumbo Moja

Kazini walimwita Mama Wembe. Alikata viinitete vya panya vilivyogandishwa katika nta, vipande vyembamba kuliko karatasi, akaviacha vielee juu ya maji ya vuguvugu na kuviopoa kwa brashi huku amebana pumzi. Wenzake walimtania kwamba wembe wenyewe ni ulimi wake, na hawakukosea sana.

Maana mjukuu wake wa kwanza alipozaliwa, macho yake hayakuwa na ule mviringo wa rangi unaozunguka mboni. Mwanga ulimchoma, akitolewa nje analia. Mama Wembe hakumumunya maneno. "Ni vile vidonge vya homa ulivyomeza ukiwa na mimba," alimwambia mkwewe. "Nilikukataza." Mkwe alifunga virago, akambeba mtoto, akarudi kwao. Mumewe, mwana wa Mama Wembe, akawa anashinda huku, analala kule.

Basi siku moja daktari wa maabara akamletea viinitete viwili. Mama Wembe akakata, akachungulia kwenye darubini. Jicho la wa kwanza lilikuwa la mviringo, limejaa. La wa pili dogo, limenywea.

"Huyu wa pili, mama yake alilishwa nini?"

"Mama yao mmoja," daktari akasema. "Tumbo moja, chakula kimoja."

"Sasa mbona hivi?"

"Kuna jeni ambayo yenyewe haijengi jicho. Ni kama msimamizi: inaziamsha jeni nyingine, wewe anza, wewe ngoja. Kila mmoja huwa na nakala mbili. Huyu nakala moja ni mbovu, basi mafundi, yaani zile jeni nyingine, hawakuamshwa vya kutosha."

"Na binadamu?"

"Jeni ni hiyohiyo. Nakala moja ikiwa mbovu, mtoto huzaliwa bila ule mviringo wa rangi wa jicho. Pengine hitilafu hutoka kwa mzazi, pengine huzuka tu."

"Hata kama mama alimeza vidonge vya homa?"

"Havihusiki, mama."

Vipande vilivyobaki majini vikatanuka hadi kuchanika, hakuviopoa.

Jioni alibisha hodi kwao mkwewe. Mkwe akafungua, akasimama palepale mlangoni.

"Nilikusingizia, mwanangu. Vidonge havina kosa. Wewe huna kosa."

"Nani kakwambia?"

"Panya."

Mkwe alianza kucheka, akaacha. "Kila nikimnyonyesha, mama, nilikuwa namwomba msamaha. Kila nikimnyonyesha."

Mama Wembe, na ulimi wake wote, akarudia lilelile: "Huna kosa, mwanangu."

"Sirudi leo," mkwe akasema.

"Sikuja kukurudisha."

Mkwe akasogea pembeni. "Ingia. Ila pazia usiguse."

Akaingia gizani, akaketi alipoonyeshwa, mikono juu ya mapaja, akisubiri kama atapewa mtoto.