Nililoambiwa ni chango miaka yote, mpaka watafiti wakaniomba damu ya hedhi

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu shikamooni.

Leo naleta jambo la wanawake, na wanaume msikimbie, maana wengi wenu mnaishi nalo humo ndani bila kulijua. Yamenikuta mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza. Wale wa "leta summary", leo hamna summary, someni tu.

Iko hivi.

Mimi ni mkazi wa Bagamoyo mjini, kazi yangu kupamba maharusi. Hina, piko, na siku hizi makeup.

Tangu nivunje ungo, hedhi kwangu ni mtihani. Siyo yale maumivu ya kumeza panadol ukaendelea na mambo yako. Nazungumzia kujikunja sakafuni, kutapika, kiuno kama kinang'olewa.

Kuna siku nilikuwa Mlingotini nampaka bi harusi piko, maumivu yakanibana katikati ya kazi. Yule binti aliolewa mkono mmoja una maua mpaka kwenye kiwiko, mwingine una jani moja tu. Picha zote za harusi kauficha mkono wa kushoto.

Kwetu ugonjwa huu ulikuwa na jina: chango. Na kila mtu aliijua sababu yake.

Shangazi alisema nilioga maji ya baridi nikiwa mwezini. Jirani akasema jini mahaba. Muuza dawa akasema uchafu kwenye kizazi, na kwa bahati dawa ya kuusafisha anayo yeye. Wengine wakasema ukizaa litaisha. Nikaolewa, nikazaa, mtoto akaanza kutembea, na chango likarudi na nduguze.

Mizizi nimekunywa mpaka jasho likawa linanukia msitu.

Aliyechoka kwanza ni mume wangu. Siyo kunichoka mimi, alichoka kuniona nateseka. Akanipeleka hospitali moja Dar. Daktari wa wanawake akanisikiliza mwanzo mpaka mwisho bila kunikatisha, na hilo peke yake lilinitoa machozi.

Akasema anahisi ni endometriosis. Ultrasound haikuonyesha kitu, akanieleza kuwa kipimo hicho mara nyingi hakiuoni ugonjwa huu. Ili wawe na uhakika, watatoboa matundu madogo tumboni waingize kamera.

Kwa lugha yetu sisi wa hina: kuna nyama zinazofanana na ule utando wa ndani ya kizazi, ila zinaota nje yake. Kwenye mirija, kwenye ovari, hata kwenye utumbo. Hedhi ikija na zenyewe zinavimba na kuvuja, lakini huko hakuna mlango wa kutokea. Ndipo maumivu na makovu yanapoanzia.

Wakati nasubiri tarehe ya upasuaji, nikakutanishwa na daktari mwingine, mwanamke, anafanya utafiti wa ugonjwa huu. Nimwite Dk. Rehema. Nikamtupia swali langu la miaka yote, kwamba unasababishwa na nini.

Akaniambia, "Dada yangu, hatujui."

Akaeleza kuwa wapo wanaodhani damu hurudi nyuma kupitia mirija, lakini hilo huwatokea wanawake wengi na hawaugui. Wengine wanachunguza kinga ya mwili, wengine urithi wa ukoo. Hakuna aliyefika mwisho, ndiyo maana wanatafuta.

Wakuu, wote niliowapitia walikuwa wanajua. Huyu ndiye wa kwanza kusema hajui, na ndiye niliyemwamini.

Sasa njooni kwenye ombi lake. Alitaka damu yangu ya hedhi. Wanaangalia kama siku moja ugonjwa utaweza kugunduliwa kwenye damu hiyo, bila kumpasua mtu.

Watu wa pwani mmeshanielewa. Somo wangu, kungwi aliyenifunda, alinikanya kuwa kitambaa cha mwezini kisionwe na jicho la mtu, maana damu ile ikifika kwa mbaya wako, kizazi kimefungwa. Leo niiweke kwenye kikombe nimkabidhi mgeni?

Nikampigia mama, yupo Kiwangwa analima mananasi. Akaniuliza mara mbili kama nimesikia vizuri. Kisha akasema nisitoe hata tone mpaka yeye aonane na huyo daktari.

Na akaja. Kanga zake mbili, na kwenye mfuko nanasi la kumpa daktari, asije akadhani tumekwenda kwa shari.

Dk. Rehema akampa shikamoo, mama akaitika marahaba, kisha akaanza kumhoji kama mwendesha mashtaka. Nani ataigusa? Inakaa wapi? Jina la mwanangu linaandikwa? Ikibaki inakwenda wapi? Akajibiwa moja moja. Chupa inawekwa namba badala ya jina, inafungiwa kwenye friza, ikimaliza kazi inateketezwa, na nikikataa matibabu yangu yako palepale.

Mama akauliza la mwisho, kama damu hiyo itaniponya mimi.

"Hapana, mama. Huenda ikamsaidia binti mwingine huko mbele. Huyu tutamtibu kwa haya tunayoyajua sasa."

Jibu lile lilimtuliza, sijui kwa nini. Nikakubali, tukaanza maswali ya utafiti, daktari anabonyeza majibu kwenye tablet. Akauliza kama kwenye ukoo kuna mwingine mwenye maumivu kama yangu. Nikasema hapana.

"Weka ndiyo," mama akasema.

Nikamgeukia. Macho yake yalikuwa kwa daktari.

"Weka ndiyo, ni mimi. Nilikuwa nalima nimejikaza kamba kiunoni. Nilidhani wanawake ndivyo tulivyoumbwa. Na mdogo wake huyu, Zuhura, kila mwezi hakosi siku za kulala nyumbani shule ikiendelea. Mimi namchemshia mizizi."

Tumekaa nyumba moja, tunaumwa kitu kimoja, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Nililia. Mama akanipa ncha ya kanga nijifute, akasema tusimpotezee daktari muda.

Siku ya kupeleka sampuli nilikuwa na kiboksi cha barafu. Stendi ya Bagamoyo mama mmoja akaniuliza kama nauza ice cream za ukwaju. Mume wangu akamjibu kwa adabu kuwa zimeisha. Tulicheka mpaka Bunju.

Upasuaji ukafanyika, zile nyama wakazikuta, wakaondoa walizoweza, wakanianzishia vidonge vya homoni. Sijapona kabisa, niliambiwa zinaweza kurudi. Lakini mwezi ukifika nasimama na kazi nafanya. Utafiti wenyewe bado unaendelea.

Juzi kati mama, bila kuniambia, akampeleka Zuhura kituo cha afya. Aliyewapokea akasema ni kawaida ya wasichana, atazoea. Mama akavuta kiti akakaa.

"Mwanangu, mimi nilizoea. Huyu hatazoea."

Hakuinuka mpaka walipoandikiwa rufaa ya kumwona daktari wa wanawake. Zuhura sasa anatibiwa.

Nilichojifunza: maumivu yanayokulaza chini kila mwezi siyo kawaida, na kabla hujasema kwenu hayapo, muulize mama yako.

Dada zangu mnaopitia haya, tupeane uzoefu hapa. Wanaume, kawaulizeni wake zenu kwanza, kisha rudini mchangie.