Nilivyoihamisha gemu ya CD kwenye kaseti kwa ajili ya rafiki aliyekimbilia Kigoma

Wakuu, heshima kwenu.

Leo naleta jambo langu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Asiyeamini apite tu, maana hata mimi nikilisema kwa sauti naliona kama la kichaa.

Nimezaliwa Bujumbura. Baba alikuwa na duka la redio na vifaa vya umeme pale mjini. Sisi ni wale Waarabu wa zamani, babu zetu walitoka Oman wakanogewa. Rafiki yangu mkubwa alikuwa Desi, Mkristo, mtoto wa mtumishi wa serikali, anakaa mtaa wa Mutanga Nord. Tulisoma darasa moja, na kila Jumamosi alikuwa kwetu.

Kilichotuganda ni gemu moja ya CD. Jina siliweki. Vijana wawili wanavuka nchi ya majitu, mmoja ana upanga, mwenzake upinde. Mimi upanga, Desi upinde. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilishaanza, kuna siku tunasikia milio kule juu milimani, mama anafunga madirisha, sisi macho kwenye TV. Tulikuwa wajinga, lakini ujinga ule hadi leo nautamani.

Tulifika hatua ya mwisho, tukashindwa. Tukasema tutaimaliza wiki ijayo.

Wiki iliyofuata Desi hakuja. Nikaenda kwao, nikakuta kufuli. Jirani akaniambia wamevuka Tanzania. Hakuniaga na sikumlaumu. Siku zile mtu akiaga, habari zake zinatangulia mbele yake.

Ikapita karibu miaka miwili.

Siku moja akaja dukani mama mmoja muuza mawese, anayekwenda Kigoma na kurudi, ana barua. Desi yuko Kigoma, wanaishi kwa mjomba wake. Hapo kwa mjomba kuna mashine ya gemu ya kizamani, ile ya kutumia kaseti, yaani kile kiboksi cha plastiki chenye chipu ndani, si ya utepe. Chini kabisa ameandika: "Ile gemu yetu atukuimaliza. Mi naiota."

Basi. Kumtumia CD haina maana, mashine yake haina pa kuiweka. Nikasema nitaiingiza kwenye kaseti.

Wataalamu wa humu chekeni tu. CD ile ilijaa mamia ya megabaiti. Kaseti niliyokuwa nayo inabeba mbili. Na hukopi, unaandika upya kila kitu, unachora upya kila picha. Nilikuwa na kompyuta ya dukani, magazeti ya Kifaransa ya mambo ya programu, na kifaa cha kuandikia chipu ambacho ami yangu aliniletea kutoka Dubai bila kujua ni cha nini.

Chipu ukiiandika vibaya inafutwa kwa taa maalumu. Taa sikuwa nayo, ila jua la Bujumbura lipo, tena bure. Chipu zile zina kidirisha cha kioo juu, basi nikawa nazianika uani kwenye turubai ambapo mama anaanika ndagala, yaani dagaa wetu wa ziwani. Jua la wiki nzima ndipo chipu inakuwa tupu. Mvua ikija, mama anakimbilia ndagala, mimi nakimbilia chipu.

Siku moja akaniambia: "We Nasri, iyi michuma yako mutu akiikula na ugali, mi sitaki kesi."

Nikamwambia ni za Desi. Kuanzia hapo akawa anazigeuza mwenyewe, kama anavyogeuza samaki. Kidirisha kikaangalia chini, wiki nzima ikaenda bure. Sikumwambia.

Kazi yenyewe hasa ilikuwa kuchagua cha kukata. Video zote nikatoa. Muziki nikabakiza wimbo mmoja. Bado haitoshi. Kinachokula nafasi sasa ni wale vijana wawili. Nikawaza, Desi kule yuko peke yake, hana wa kucheza naye, mchezaji wa pili wa nini? Nikamfuta yule wa upanga. Wa upinde nikamwongezea nguvu ili amalize mwenyewe. Nilijiona mjanja kwelikweli.

Ilinichukua zaidi ya mwaka. Kaseti ikaondoka na mama wa mawese, imefungwa ndani ya kitenge.

Jibu nalikumbuka kwa ghibu:

"Nimeipata, inawaka muzuri. Nimeimaliza. Lakini weye uko wapi mule ndani? Nilichomeka manette ya pili, nikangoja utokee. Nikafikiri uko mbele, nikaendelea. Mpaka mwisho sikukuona."

Manette ndiyo pedi ya kuchezea gemu, kwa wasiojua.

Nilianza kuisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa sakafuni. Wakuu, nililia, na wateja walikuwepo. Desi alikuwa na hamu na mimi kama nilivyokuwa na hamu naye, na mimi nimejifuta kwa mikono yangu.

Siku ile ile nikaanza version ya pili. Nikatoa ule wimbo, nikatoa milima na mawingu, nyuma ikabaki nyeusi tupu. Lakini vijana wote wawili wamo.

Mama wa mawese akaipeleka, akarudi nayo. Mjomba amemwambia Desi na wazazi wake wamepata safari ya nchi za mbali, anwani bado hawajatuma. Nikamuuliza tena na tena, akanijibu vilevile, kwa upole.

Vita imeisha. Nimemtafuta kwenye mitandao yote, majina kama lake ni mengi mno. Wanangu wameiona ile kaseti wakaomba waicheze, nikakataa, na mimi si baba mkali.

Nilichojifunza: mtu aliye mbali usimkisie anachokikosa. Muulize. Mwenzenu nilikuwa na karatasi, na mtu wa kuipeleka nilikuwa naye, swali la mstari mmoja lingetosha.

Haya, mliopitia ukimbizi na nyie mafundi wa gemu za zamani, nawasikiliza. Ila kama kuna rafiki mliyepoteana na namba yake bado inaita, mpigie kwanza. Comment inaweza kusubiri.